Kununua hisa kabla ya gawio na kuziuza baada yake: kwa nini hesabu inakataa

*"Habari za kazi, mshauri. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, nina miaka 34 na watoto wawili. Kwenye grupu letu la WhatsApp la wafanyakazi kuna kaka mmoja ametueleza kwamba hisa ya benki fulani inauzwa karibu shilingi 1,000 na gawio la mwaka huu ni shilingi 65 kwa kila hisa. Mpango wake ni kununua wiki chache kabla ya gawio, kulipokea, kisha kuuza hisa na kurudisha mtaji wote, halafu kuhamia kampuni nyingine inayolipa baadaye. Nina akiba ya milioni 2, ndiyo akiba yetu yote. Nimeomba milioni 3 kwenye SACCOS yetu kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni linalobaki, marejesho miezi 12. Nikipiga hesabu naona asilimia 6.5 ndani ya miezi michache, wakati akaunti yangu ya akiba benki haifiki hapo hata kwa mwaka mzima. Kwa kuwa sina akaunti ya hisa, kaka huyo anasema nimtumie pesa anunue kwa jina lake, gawio likitoka tugawane. Mume wangu anasema hisa ni kamari, nisiguse. Sijawahi kununua hata hisa moja. Nani yuko sahihi?"*

Dada yangu, wote wawili wamekosea, ila kosa la kaka wa kwenye grupu litakuumiza mapema zaidi kwa sababu lina mkopo ndani yake. Nimefurahi umeuliza kabla pesa haijatoka. Ninachokiona kwenye barua yako si tamaa. Una milioni 2 ulizozipata kwa kazi ngumu, unaona zimelala benki bila kuongezeka, na mtu amekuonyesha hesabu inayoonekana safi. Kasoro ni kwamba hesabu hiyo imeandika mapato peke yake. Tuikamilishe, kisha tuone unaweza kufanya nini badala yake, maana soko la hisa lina nafasi hata kwa mtu wa kipato chako.

Tuanze na kitu unachokinunua. Ukiweka pesa kwenye akaunti ya akiba, unaikopesha benki, nayo inadaiwa na wewe. Ukinunua hisa za benki hiyohiyo, humkopeshi mtu. Unakuwa mmoja wa wenye benki, mwenye sehemu ndogo sana pamoja na maelfu ya wengine. Mwenye mali haahidiwi riba. Anapata kinachobaki baada ya wafanyakazi, wadai, kodi na mikopo chechefu, yaani isiyolipika, kuondolewa, na mwaka ambao hakibaki kitu hapati kitu. Watu wengi wananunua hisa za benki wakidhani ni amana yenye riba kubwa zaidi, na kaka yenu anaonekana kuwa mmoja wao. Zile 65 anaziita kama vile ni riba ya miezi michache. Ni mgawo wa faida ya mwaka mzima uliokwishapita, na hauji kwa sababu umeshika hisa kwa wiki tatu.

Angalia safari ya gawio lenyewe. Benki na kampuni nyingi zilizo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hufunga mahesabu Desemba 31. Wakaguzi huyapitia miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Bodi hukaa, ikapendekeza kiasi gani cha faida kigawiwe na kiasi gani kibaki ndani kukuza mtaji. Mkutano mkuu wa mwaka, ambao kwa kampuni nyingi huangukia Mei au Juni, hupitisha pendekezo hilo. Kampuni hutangaza pia siku ya kufunga daftari la wanahisa. Jina lako likiwa kwenye daftari siku hiyo, gawio ni lako hata ukiuza kesho yake. Lisipokuwepo, hata ukiwa na hisa milioni moja wiki inayofuata, gawio hilo ni la aliyekuuzia. Malipo yenyewe hufika wiki kadhaa baadaye.

Sasa fika kwenye siku zinazozunguka kufungwa kwa daftari, hapo ndipo mpango wa kaka unapovunjika. Mtu anayenunua siku moja kabla ya soko kuanza kuuza hisa bila haki ya gawio anapata vitu viwili: hisa na shilingi 65 zilizo njiani. Anayenunua siku inayofuata anapata hisa tu. Je, wewe ungekuwa mnunuzi wa siku ya pili, ungelipa bei ileile ya 1,000? Ng'ombe mwenye mimba na ng'ombe huyohuyo baada ya kuzaa, ndama akibaki kwa mwuzaji, hawauzwi bei moja mnadani. Mnunuzi mwenye macho atatoa karibu 935. Hakuna aliyekuibia hizo 65. Zimetoka kwenye mfuko wa benki ambayo wewe ni mmoja wa wenyewe, zikaingia mfukoni mwako, na benki imebaki na pesa pungufu kwa kiasi hichohicho. Ulichonacho jumla hakijaongezeka siku hiyo. Kimebadili mahali tu.

Nikueleze kwa haki: soko letu haliendi kama saa. Kampuni zilizoorodheshwa Dar es Salaam hazifiki 30, na nyingi huuzwa kwa idadi ndogo kwa siku. Bei inaweza kukaa palepale siku kadhaa baada ya daftari kufungwa kwa sababu tu hakuna aliyeuza wala kununua. Inaweza pia kushuka zaidi ya 65, hasa kama wengi wenye mpango kama wenu wamejaa mlangoni wakitaka kutoka siku moja. Na wiki za kabla ya daftari kufungwa, watu haohao huwa wameshaipandisha bei kwa kugombea kuingia. Kwa hiyo sikuambii kwamba bei itashuka kwa 65 kamili. Ninachokuambia ni kwamba mpango wa kaka unafaulu pale tu watu wengine wote sokoni watakaposahau kwamba gawio limekwishatolewa. Hilo si jambo la kuliwekea milioni 5.

Haya, tupige hesabu ya hisa moja. Nitachukua namba ulizonipa. Ukinunua unalipia kamisheni ya dalali, yaani wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, na tozo za soko, za mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji na za hifadhi ya dhamana, panapotunzwa kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi. Kwa miamala midogo gharama hizi zote kwa pamoja zimekuwa zikizunguka asilimia 2 na kitu. Nitatumia 2 kamili ili hesabu iwe nyepesi, na hapo nakupendelea. Kwa hiyo kununua hisa ya 1,000 kunakugharimu 20 juu yake. Kuuza kwa 1,000 kunakugharimu 20 nyingine. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla halijakufikia, yaani 3.25 kwenye kila 65. Toa 20, toa 20, toa 3.25. Katika zile 65 umebaki na 21.75.

Hapo nimechukulia kwamba bei haikushuka hata shilingi moja. Bei ikishuka kwa 22 tu, kutoka 1,000 hadi 978, faida karibu yote imekwisha.

Tuiweke kwa ukubwa wa mpango wako. Kwa milioni 5 utapata hisa 4,900, maana sehemu inayobaki inakwenda kwenye gharama: hisa 4,900,000, gharama 98,000, jumla 4,998,000. Gawio lako baada ya kodi ni 302,575. Bei ikishuka hadi 935, mauzo yatakuletea 4,581,500, ukitoa gharama ya kuuza unabaki na 4,489,870. Jumlisha gawio: 4,792,445. Uliingia na 4,998,000. Umepoteza 205,555 huku kwenye simu yako kukiwa na ujumbe wa benki unaokujulisha kwamba gawio limeingia. Ndiyo maana watu hurudia mpango huu mwaka baada ya mwaka bila kujua unawala. Gawio wanaliona kwa macho, lakini upungufu wa bei na makato hawajawahi kuyaandika pamoja kwenye karatasi moja.

Sasa ongeza SACCOS. Tangu ununue hadi gawio lifike na hisa ziuzike, weka miezi mitatu. Riba ya mwezi wa kwanza juu ya milioni 3 ni 45,000, wa pili 41,250, wa tatu 37,500. Jumla 123,750. Ile hali nzuri kabisa, ambayo bei haikushuka hata shilingi, ilikuwa inakupa faida ya 106,575. Ukitoa riba, umepoteza 17,175. Na ile hali ya kawaida zaidi, ya bei kushuka kwa kiasi cha gawio, inakuachia hasara ya 329,305. Sijatafuta namba za kukutisha, dada. Hizo ni namba zako mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa soko hulijua akiwa ameshachelewa. Hisa haziuzwi kwa benki wala kwa soko. Huuzwa kwa mtu mwingine anayetaka kununua siku hiyo kwa bei yako. Ukiweka oda ya kuuza hisa 4,900 na wanunuzi waliopo wanataka 600, utauza 600 na kusubiri, au utashusha bei. Na muamala ukishafanyika, huchukua siku kadhaa za kazi hadi hisa zihamie jina la mnunuzi na pesa ifike kwako. Vilevile upande wa kununua: mtu anayenunua siku moja kabla ya daftari kufungwa anaweza kukuta jina lake halijaingia, amelipa bei yenye gawio ndani yake na gawio lenyewe amelikosa. Kwenye mpango wa "kuhamia kampuni nyingine mwezi unaofuata" siku hizi za kusubiri ndizo zinazovunja ratiba. Tena kampuni nyingi hufunga daftari zao ndani ya miezi ileile, kwa hiyo hiyo foleni ya kampuni za kuhamia kila mwezi haipo.

Kuhusu kununua hisa kwa mkopo kwa ujumla, majirani zetu Wakenya walishapita hapo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 za Kenya. Watu walijipanga mistari, na wengi walichukua mikopo benki kwa imani kwamba bei itaruka siku ya kwanza, watauza, watalipa deni na kubaki na chenji nzuri. Maombi yalizidi sana hisa zilizokuwepo, kwa hiyo waombaji walipewa sehemu ndogo ya walichoomba, na wakati wakisubiri kurudishiwa pesa iliyobaki, riba ya mkopo ilikuwa inahesabu. Bei ilipanda mwanzoni, kisha ikashuka chini ya 5 na kukaa huko kwa sehemu kubwa ya miaka michache iliyofuata. Safaricom yenyewe ilikuwa kampuni nzuri, na aliyenunua kwa pesa yake akatulia aliiona bei ikipita 40 mwaka 2021. Aliyenunua kwa pesa ya benki hakuwa na nafasi ya kutulia. Kampuni ileile, bei ileile ya kununulia, ila mmoja alikuwa na tarehe ya marejesho shingoni.

Nije kwenye jambo lililonishtua kuliko yote katika barua yako: kutuma pesa anunue kwa jina lake. Usifanye hivyo, hata kama ni mtu mwema, hata kama mnasali naye kanisa moja. Hisa siku hizi si cheti cha kuweka kabatini. Ni maandishi kwenye akaunti ya hifadhi ya dhamana, akaunti ya CDS kama tunavyoiita, yenye jina na namba ya mtu mmoja. Kisheria mwenye hisa ni yule aliyeandikwa. Gawio litaingia kwake, barua ya mkutano mkuu itakwenda kwake, na akifariki zitaingia kwenye mirathi yake, si yako. Akigombana na mkewe au akidaiwa, hisa hizo ni mali yake mbele ya macho ya kila mtu isipokuwa wewe na yeye. Hata ukiwa na meseji zote za WhatsApp, utakuwa unaanza safari ya mahakamani kudai kitu ambacho ungekipata kwa kujaza fomu. Na anayekusanya pesa za watu wengi kuziwekeza kwa niaba yao anahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Huenda kaka huyo hajui hilo. Mwambie kwa upole, na wewe ujiondoe.

Sasa mume wako. Ninamwelewa, na ninaheshimu kwamba anailinda akiba ya nyumba. Mpango uliouleta mezani kwa kweli ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo hakuwa mbali na ukweli kuhusu mpango huo. Lakini hisa zenyewe si kamari. Nichukue mfano wa benki ambayo taarifa zake ziko wazi kwa umma, CRDB. Ilipoingia sokoni mwaka 2009 hisa iliuzwa 150. Mwaka 2015 ilitoa hisa za nyongeza kwa wanahisa wake kwa 350. Mwaka 2019 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya ile 150 ya mwanzo, na nakumbuka watu waliokuwa wakisema hawataki kusikia habari ya hisa tena. Kisha tazama gawio: kwa mwaka wa hesabu 2019 lilikuwa 17 kwa hisa, 2020 likawa 22, 2021 likawa 36, 2022 likawa 45, 2023 likawa 50, na 2024 likafika 65. Bei nayo ilifuata na kuvuka 600 mwaka 2024.

Mtu aliyenunua mwaka 2019 kwa bei iliyo chini ya 150 na kukaa, gawio la mwaka mmoja tu wa 2024 lilimrudishia zaidi ya asilimia 40 ya pesa aliyotoa, kabla ya kodi. Gharama za kununua alilipa mara moja tu. Kila mwaka daftari lilipofungwa bei ikateleza kidogo, hakujali, kwa sababu hakuwa anauza. Hivyo ndivyo gawio linavyomtajirisha mtu: kwa kukua huku hisa zikiwa mkononi. Anayeingia Aprili na kutoka Juni amelipia tiketi mbili na kushuka kabla gari halijafika popote.

Ila usimpelekee mume wako mfano huo peke yake, maana nimeuchagua baada ya matokeo kujulikana. Mwaka 2019 hakuna aliyejua. Na huyo aliyenunua mwaka 2015 kwa 350 alisubiri miaka mingi kuiona bei yake tena. Wengi walionunua Vodacom Tanzania kwa 850 ilipouza hisa zake mwaka 2017 walikaa miaka wakiona bei ikiwa chini ya hapo. Kenya Airways, iliyoorodheshwa Nairobi na pia Dar es Salaam, ilisimamishwa kuuzwa Nairobi kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne mwenye hisa zake pale hakuweza kuuza hata moja, hata kama alikuwa na mgonjwa hospitali. Kwenye soko letu pia zipo kampuni ndogo ambazo mwaka baada ya mwaka hazitoi gawio. Hatari ipo na ni ya kweli. Tofauti yake na kamari ni kwamba nyuma ya hisa kuna saruji inayouzwa, kuna mikopo inayolipwa, kuna mizigo inayohudumiwa uwanja wa ndege, na unaweza kusoma mahesabu yake kabla hujatoa pesa.

Na ukisoma, usianzie kwenye gawio. Anzia kwenye faida kwa kila hisa, kisha uliza gawio ni sehemu gani ya faida hiyo. Kampuni iliyopata 180 kwa hisa ikagawa 65 imebakiza nguvu ya kukua na ya kulipa mwakani. Iliyopata 60 ikagawa 65 imechota kwenye akiba, na mwakani huenda ikanyamaza. Kwa benki, tafuta kiwango cha mikopo chechefu na ulinganishe na miaka miwili mitatu ya nyuma. Kikipanda mfululizo, gawio liko mashakani hata kama la mwaka huu ni nono. Taarifa hizi kampuni huzichapisha magazetini na kwenye tovuti zao, bure. Jipe jioni mbili za kusoma. Muuguzi anayesoma chati za wagonjwa hawezi kushindwa na mizania ya benki.

Tuje kwenye pesa yako. Milioni 2 ndiyo akiba yote ya nyumba yenye watoto wawili, kwa hiyo sehemu kubwa haina ruhusa ya kwenda kwenye hisa kwa sasa. Tenga matumizi ya lazima ya miezi mitatu: chakula, kodi ya nyumba kama mnapanga, nauli, ada. Pesa hiyo ikae mahali inapotoka haraka na thamani yake haiyumbi sana. Kuiacha pesa hiyo benki ni sawa. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, nao ni chaguo zuri: unanunua vipande, pesa za wengi zinawekezwa zaidi kwenye amana za benki na dhamana za serikali, na ukihitaji unauza vipande na kupata pesa ndani ya siku chache za kazi. Faida yake haijaahidiwa popote kwa maandishi, lakini mwenendo wake ni mtulivu kuliko hisa. Hatifungani za serikali, ambazo kwazo unaikopesha serikali kwa muda maalumu, pia unaweza kuzifikiria baadaye. Zinaanzia milioni 1, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, muda ni kuanzia miaka 2 hadi 25. Kwa akiba yako ya sasa mimi nisingekushauri kufunga nusu yake huko. Unaweza kuuza hatifungani sokoni kabla ya muda, ndiyo, ila si kila wakati utapata bei unayoitaka.

Kinachobaki baada ya hapo, labda laki 3, ndicho cha kuanzia hisa. Kwa bei ya 1,000 utapata kama hisa 290, na gharama itakuwa 5,800. Ni kidogo, na udogo huo una kazi: utajifunza namna oda inavyokwenda, utaona bei ikishuka na ujue moyo wako unasemaje, utapokea gawio dogo na taarifa yake ya kodi. Pesa inayoingia kwenye hisa iwe ni ile ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Ukiendelea, usiweke zote kwenye benki moja. Weka pia kwenye kampuni ya shughuli tofauti, maana mwaka mbaya kwa benki moja mara nyingi ni mbaya kwa benki nyingine pia.

Kufungua akaunti si kazi kubwa. Nenda kwa dalali wa soko la hisa mwenye leseni ya CMSA, ukiwa na kitambulisho cha Taifa na namba ya akaunti yako ya benki. Benki kadhaa hupokea maombi kwa niaba ya madalali, na soko lenyewe lina huduma ya simu iitwayo Hisa Kiganjani. Orodha ya wenye leseni iko kwa CMSA, na usimwamini dalali ambaye jina lake halimo. Muulize gharama zote kwa maandishi kabla ya oda ya kwanza, na ulize kama ana kiwango cha chini cha kamisheni, kwa sababu kwenye pesa ndogo kiwango hicho kinaweza kumeza asilimia kubwa. Pesa ya kununulia ipelekwe kwenye akaunti ya kampuni ya udalali yenyewe, kamwe isiwe namba ya simu ya mtu. Kila baada ya muamala dai taarifa ya akaunti yako ya CDS uone hisa zimeandikwa jina lako.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Kama tayari umeshamtumia kaka huyo chochote, nenda kaonane na dalali mwenye leseni ana kwa ana wiki hii, ukiwa na risiti zote, akueleze kama hisa zinaweza kuhamishiwa jina lako. Ikiwa kaka anakwepa, peleka malalamiko CMSA na polisi mapema. Pia kama wewe na mume wako mna madeni mengine ambayo hukuyataja, kaa na afisa mikopo wa SACCOS yenu mpange kuyalipa kwanza. Hakuna hisa ninayoweza kukutajia yenye uhakika wa kushinda deni la asilimia 1.5 kwa mwezi.

Na kuhusu ombi la mkopo: kama halijaidhinishwa, liondoe. Wewe umeshajiambia kwamba mshahara wako unaweza kubeba marejesho, na marejesho ya mwezi wa kwanza ni 295,000, yaani 250,000 za mkopo na 45,000 za riba. Kwa miezi 12 riba peke yake ni 292,500. Kama kweli unaweza kutoa kiasi hicho kila mwezi bila watoto kukosa kitu, kitoe, lakini kipeleke kwenye vipande na hisa zenye jina lako. Mwakani mwezi kama huu utakuwa umejiwekea zaidi ya milioni 3 zilezile ulizotaka kukopa, pamoja na riba ambayo ungemlipa mwingine. Na kama unaona 295,000 ni nyingi mno kutoa kila mwezi, basi mkopo huo haukufai hata kwa jambo jingine. Mwonyeshe mume wako hesabu hiyo, kisha mfungue akaunti mkiwa pamoja, na kwenye sehemu ya mrithi mwandike majina ya watoto.